Magwanda na Kura

Kotile, kijiji cha ukingoni mwa Mto Tana, kiliijua serikali kwanza kwa magwanda, kama ilivyokuwa kaskazini mashariki mwa Kenya kote. Tangu vita vya waasi walioitwa shifta, vya 1963 hadi 1967, na chini ya sheria za hali ya hatari zilizodumu mpaka 1991, serikali huku ilikuwa na sura ya askari. Si ajabu basi kwamba mtoto wa huku akipanda cheo jeshini, jamaa humwona kama mlango. Mfano mkubwa ni Jenerali Mahmoud Mohamed wa Garissa: aliongoza wanajeshi waliozima jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1986 hadi 1996. Nduguye, Hussein Maalim Mohamed, aliingia siasani, akawa mbunge na waziri kuanzia 1983. Mlango ulifunguka kweli.

Lakini waliopita ni wangapi? Februari 1984, nduguye jenerali akiwa tayari waziri, wanaume wa Wajir walikusanywa na vikosi vya usalama kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, na wengi wakauawa. Mwaka 1989, jenerali huyo, Msomali, akiwa juu ya jeshi zima, Wasomali wa Kenya walipangwa foleni wahojiwe uraia wao. Aliyekubaliwa alipewa kadi ya rangi ya waridi, aibebe pamoja na kitambulisho. Kadi mbili mfukoni, wakati jirani asiye Msomali alitosheka na moja! Simtwishi jenerali makosa hayo. Nasema tu kwamba nyota za begani mwake hazikumwondolea mchungaji wa huku Ijara kadi ya pili.

Wapo watakaojibu, ofisa mstaafu akigombea uongozi wa kaunti, kwamba eneo linaloshambuliwa linahitaji kiongozi anayejua vita, na watatukumbusha wale 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2, 2015. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna mwenye haki ya kuibeza. Ila Katiba ya 2010 iliacha ulinzi na polisi mikononi mwa serikali kuu. Kaunti ilipewa zahanati, maji, mifugo na barabara za mashinani. Ofisa mstaafu amezoea amri isiyohojiwa, ilhali bunge la kaunti lipo ili lihoji. Kuna tabia moja ya kambini ambayo tungeipokea kwa mikono miwili: kuhesabu kila kitu ghalani, hadi risasi ya mwisho. Kwa hiyo hatumuulizi mgombea aliyevua magwanda alipigana wapi. Tunamuuliza mto ukifurika na barabara ya Masalani ikakatika, dawa zitafikaje Kotile, na nani atazihesabu katoni zikishushwa.