Hekalu la Kijaini si matofali tu, linataka mtu wa kila asubuhi

Mtawa wa Kijaini hapandi basi. Wala bodaboda, wala treni, wala ndege. Anatembea kwa miguu, tena peku, kwa sababu dini yake inamkataza kuumiza kiumbe chochote na chombo cha moto njiani kinaua wadudu wengi. Kutoka Tanga mjini hadi Korogwe, karibu kilomita 100, kwake ni safari ya siku kadhaa. Kuvuka Bahari ya Hindi ndiyo kabisa haiwezekani.

Sasa fikiria dini ya namna hiyo imefikaje Afrika Mashariki. Imekuja na wauza duka.

Mtaani tumezoea kuwaita wote Wahindi, au Mabaniani, basi. Lakini Wajaini si Wahindu. Wana dini yao ya zamani sana, haina Mungu muumba, na sensa ya India ya 2011 iliwahesabu kama milioni 4.5 tu katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Wengi waliokuja huku walitoka Gujarat. Kundi kubwa ni Waoshwal wa vijiji vya karibu na Jamnagar, ambao walianza kuingia mwaka 1899 na wengi wao wakaishia Kenya. Upande wetu, maduka ya Kihindi yalifuata reli ya Tanga, iliyofika Korogwe 1902, na pesa ya mashamba ya mkonge. Penye vibarua wa mkonge palihitajika chumvi, kanga na mafuta ya taa.

Wakatoliki wa vijiji vya Handeni wataelewa haraka hali ya dini isiyo na mtawa karibu. Ni kama kigango. Padri haonekani kila Jumapili, katekista anaendesha ibada, maisha yanakwenda. Kwa Wajaini wa huku, kila baba na mama wa nyumba amekuwa katekista kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni hadi 1980 ndipo tawi moja nchini India lilipoanzisha daraja la watawa wanaoruhusiwa kupanda vyombo ili wawafikie waumini wa mbali.

Ila kwenye jengo ndipo mfano wa kigango unapoishia. Kigango kinaweza kupigwa kufuli Jumatatu hadi Jumamosi, bado ni kigango. Hekalu la Kijaini, wenyewe huliita derasar, halifungwi hivyo. Sanamu ikishawekwa wakfu inatakiwa kuogeshwa na kufanyiwa ibada kila siku. Yaani kila siku, hata mvua za masika zikikata barabara. Mahekalu mengi ya nje ya India huajiri mhudumu wa kazi hiyo, mara nyingi kutoka India kwenyewe, na huyo anahitaji kibali, nyumba na mshahara usiokatika.

Tuseme familia tatu za Kijaini zinaishi Korogwe. Pesa ya kujenga wanaweza kuipata, ndugu wa Nairobi na London watachanga. Shida inaanza pale mtoto wa kwanza anapokwenda kusoma Dar asirudi, familia ya pili inapohamia Uingereza, na mzee aliyebaki anapougua. Nani anaiogesha sanamu kesho? Kwa maoni yangu, jamii ndogo inayoanza kwa kuhesabu mifuko ya saruji kabla ya kuhesabu watu inajitafutia deni lisilolipika kwa pesa.

Na kuna tawi zima la Wajaini, Wasthanakvasi, ambao hawaabudu sanamu kabisa. Kwao ukumbi wa kawaida unatosha. Kwa hiyo hata ndani ya dini yenyewe swali la "lazima tujenge?" si geni.

Mombasa walijenga, na walikuwa na watu wa kutosha. Hekalu la marumaru nyeupe la barabara ya Langoni lilifunguliwa 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, maana wenzao wengi walikuwa tayari wanauliza kama kesho yao iko huku. Mwaka uliofuata yakaja Mapinduzi ya Zanzibar. 1967 Tanzania ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, 1971 ikatwaa majumba ya kupangisha, na 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Watu wakafunga mizigo. Marumaru haiingii kwenye sanduku.

Kilichoingia kwenye sanduku ni jiko. Mjaini anayeshika dini hali nyama, samaki wala mayai, na wengi hawali kinachong'olewa ardhini: kitunguu, kiazi, karoti, hata muhogo. (Ukikaa Handeni bila muhogo wala kitunguu, jirani atakujua tu kuwa una mambo yako.) Wengine hawali jua likishazama. Kila mwaka kuna siku nane za Paryushan, za mfungo na kujitafakari, na siku ya mwisho kila mtu anawaomba msamaha aliowakosea, kwa kujua au kutokujua. Hayo yote yanafanyika chumba cha nyuma cha duka.

Walioishia Leicester, Uingereza, wengi wao wakitokea Afrika Mashariki, walinunua kanisa lililokuwa halitumiki, wakaligeuza hekalu na kuweka sanamu wakfu 1988. Cha kuvutia ni kwamba madhehebu ambayo India kila moja lina hekalu lake yaliingia chini ya paa moja. Uchache uliwafundisha.

Handeni nayo ina kisa chake cha watu waliobeba asili yao mbali. Katika karne ya 19 Wazigua walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Hawakuwa na jengo lolote la kuwakumbusha kwao, lakini kizazi baada ya kizazi waliongea Kizigua kando ya mto Juba. Vita vya Somalia vilipowafukuza baada ya 1991, baadhi walirudi, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengine wakapata uraia.

Lakini tusiwalinganishe kirahisi. Wazigua wa Juba waliishi pamoja, kijiji kizima. Mtoto alicheza, akagombana na akachumbia kwa Kizigua. Familia tatu za mjini hazina kijiji, ndiyo maana wanalilia jengo: wanataka mahali ambapo vijana wao watakutana na kuoana. Kwa watu wachache hivyo, ukumbi wa kukodi, darasa la watoto mwishoni mwa wiki na nauli ya kwenda hekalu kubwa wakati wa Paryushan vitasaidia zaidi kuliko sanamu inayosubiri mtu wa kuiogesha.

Lugha ndiyo inayotangulia kuondoka. Huko Leicester watoto wanafundishwa dini kwa Kiingereza, Kigujarati kimebaki cha bibi. Na Chogo, Kizigua kilichostahimili karne nzima na zaidi ugenini sasa kimekutana na Kiswahili cha shule ya msingi, nyumbani kwao wenyewe.