Uso wa Mhitaji Si Stakabadhi

Katika ploti moja ya Ruiru, upande wa Kihunguro, ambako nyumba za ghorofa zimesimama bega kwa bega mahali palipokuwa na mibuni, akifiwa mpangaji au akilazwa hospitalini, haipiti saa moja kabla ya orodha kuonekana katika kundi la WhatsApp la ploti: nambari ya kwanza mwenyekiti, shilingi elfu moja, nambari ya pili Mama Fulani wa chumba cha tisa, mia tano, na mbele ya kila jina alama ya vema ya kijani, iliyo shahidi kwamba pesa zimekwisha kumfikia mweka hazina. Kila mwenye kuchanga huinakili orodha nzima, akaongeza jina lake chini, akairudisha. Na kwa kuwa watu wawili huinakili kwa dakika ile ile, aghalabu jina la mmoja hudondoka, na hapo utayasikia manung'uniko ya mtu aliyetoa mia mbili na asionekane, manung'uniko ambayo mgonjwa mwenyewe hakuyatoa kwa maradhi yake.

Nayacheka hayo, lakini orodha ile naipenda. Ndani yake hamna picha ya mtu. Hapana aliyehitaji kuonyeshwa kitanda, wala mrija uliopita puani, wala mbavu zilizotokeza, kwa sababu mgonjwa ni jirani, na watoto wake huteka maji katika bomba lile lile la ploti.

Orodha hiyo ni mtoto wa halali wa harambee, neno ambalo Mzee Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa mwaka 1963, na ambalo kwa nguvu yake shule nyingi za mkoa wa kati zilijengwa kabla serikali haijawahi kuleta hata tofali moja. Waliohudhuria mikutano ya harambee wanakumbuka namna yake: hema uwanjani, meza yenye kitambaa, na mtu wa kipaza sauti akitaja kila mchango na jina la mwenye kuutoa, awe ametoa jogoo au noti. Ilikuwa na kasoro zake, na kubwa ilikuwa kwamba wanasiasa waliigeuza kuwa mnada wa majina yao, hata ikafika Julai 2024 Rais akatangaza marufuku kwa watumishi wa umma kushiriki michango hiyo. Lakini hata katika ubaya wake, aliyetangazwa alikuwa ni mtoaji. Mhitaji alibaki nyumbani kwake na sitara yake, na kama alikuja uwanjani, aliketi na wenzake, akavaa nguo yake njema.

Simu imelipindua jambo hilo juu chini. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikudhaniwa kuwa chombo cha sadaka, bali cha kupeleka pesa nyumbani; lakini mwaka 2011, ukame ulipowaelemea watu wa Turkana na kaskazini yote, Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na Safaricom, benki ya KCB na wenye vyombo vya habari waliwataka Wakenya wachange shilingi milioni 500 kwa muda wa majuma manne, na kiasi hicho kikapitwa, kwa michango ya watu ambao wengi wao hawajapata kufika Lodwar. Mwaka 2012 ikaja M-Changa, inayompa mwenye haja ukurasa wake, na jumla ya michango ikaonekana humo ikipanda. Mwaka 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alihitaji kupasuliwa uvimbe wa ubongo huko India; iliyoombwa ni shilingi milioni moja, na baada ya siku chache tu zilikuwa zimepita milioni sita. Mwenye kuubeza ukarimu huu ana maradhi ya moyo ambayo hospitali haiyatibu.

Ila sasa mtoaji ni nambari ya simu yenye tarakimu zilizofichwa katikati, na akipenda hajulikani kabisa, na mhitaji ndiye aliyewekwa mezani penye kitambaa, mbele ya kipaza sauti.

Sababu yake si ukatili, ni ugeni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 250,000 Thika, na wengi wao, hususan Ruiru, wamekuja juzi kutoka kila pembe ya nchi kwa ajili ya kazi, viwanda na kodi nafuu kuliko ya Nairobi. Mtu akiugua Githurai, anayeombwa mia moja yuko Makongeni, au yuko Dubai, na hamjui. Na kwa kuwa hamjui, hutaka ithibati. Waombaji wakagundua mapema kwamba ithibati iliyo rahisi kuliko zote ni uso. Nenda kituo cha matatu Thika jioni, utalikuta gari lililofunikwa kwa bango, vipaza sauti vikipiga nyimbo za injili, na juu ya bango mtoto mwenye tumbo lililovimba, na chini yake nambari ya Paybill iliyoandikwa kubwa kuliko jina lake. Ndivyo mtandao wa TikTok na Facebook ulivyo, ila gari lile huondoka saa mbili usiku, na mtandao hauondoki.

Namjua mama mboga mmoja, hapa Ruiru, aliyelazwa miaka miwili iliyopita kwa maradhi ya figo. Jamaa zake walimpiga picha akiwa kitandani, kitambaa cha buluu kichwani, shuka imeshuka begani, midomo imekauka. Wakaituma katika makundi yao, na makundi yakaituma katika makundi mengine, mpaka ikaanza kuwajia watu na lile onyo dogo kwamba ujumbe huu umesambazwa mara nyingi. Pesa zilipatikana. Deni la hospitali likalipwa, naye akapona kiasi cha kurudi mezani kwake na sukuma wiki na nyanya. Siku moja nilikuwa nikinunua dania pale, akaja kijana akamtazama, akamtazama tena, kisha akasema kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyekutana na msanii, "Mama, si wewe ndiye yule wa kwenye simu?" Mama yule alicheka kidogo, akamkatia mboga, akampa chenji. Kijana alipoondoka, mama akaniambia kwamba huyo ni wa nne juma lile, na kwamba hana la kuwalaumu, kwani pengine katika waliomwokoa na huyu alikuwamo. Kisha akaongeza, akipanga nyanya zake upya ilhali zilikuwa zimepangika, "Lakini lile bega, baba, wangelifunika."

Watu wa pwani husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na maana yake ni kwamba mwosha amepewa amana. Mwenye kukusanya sadaka ni mwosha wa walio hai: huingia chumbani, huona ukiwa na najisi na deni, huona bega. Dini zetu mbili zilizo kubwa zote zimesifu sadaka ya siri, na sidhani ziliisifu kwa ajili ya kumnyenyekeza mtoaji peke yake.

Na lau picha ingekuwa ithibati kweli, ningenyamaza. Lakini picha haithibitishi kitu. Tapeli huichukua ya mtoto wa watu, akaitungia jina jipya na nambari mpya, na uso ule ule ukawaombea watu watatu katika miji mitatu. Kinachothibitisha ni hesabu. Baada ya maandamano ya Juni 2024, mwanahabari Hanifa Adan alipokusanya kwa njia ya M-Changa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya majeruhi na waliofiwa, umma ulimdai hesabu, mara nyingine kwa ukali, naye akaitoa hadharani katika mtandao wa X. Hiyo ndiyo kazi ambayo mitandao inaiweza kuliko hema lolote la harambee: kumwonyesha aliyetoa shilingi hamsini mahali ilipokwenda. Ni ajabu kwamba tumekipa chombo hiki kazi ya kuonyesha vidonda na tukakinyima kazi ya kuonyesha risiti.

Katika makao ya watoto mambo ni mabaya zaidi, na nasema hivi nikiwa mmoja wa waliowahi kusimama katika picha hizo. Hufika Jumamosi basi la kampuni au la kanisa, vikashushwa unga, sukari na katoni za sabuni, watoto wakapangwa kwa kimo, kila mmoja akapewa kipande cha sabuni akishike kifuani, na wageni wakasimama nyuma wakitabasamu. Jioni picha iko Facebook pamoja na nembo ya wafadhili. Mtoto yule atakuwa mtu mzima, atatafuta kazi, na pengine ataitafuta kwa kampuni ile ile. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikulisahau hilo: inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuzichapisha picha za watoto bila ya idhini. Iliyotozwa ni shule, ambayo watoto wake wana wazazi wa kushtaki. Kwa ajili ya mtoto wa makao atashtaki nani? Thika ndiko iliko shule ya vipofu iliyoasisiwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na kila nipitapo upande ule hujiuliza mgeni mwenye kamera humwomba ruhusa kwa maneno gani mtoto ambaye hatapata kuiona picha atakayopigwa.

Nitaambiwa kwamba pasipo picha watu hawatoi. Kuna kweli ndani yake. Mimi mwenyewe nimewahi kutuma pesa usiku wa manane kwa sababu ya macho ya mtoto nisiyemjua, na sijutii. Lakini kisa cha yule mwanafunzi wa 2015 kilisambaa kwa kalamu ya Jackson Biko, aliyekiandika vyema mpaka watu wakamwona kijana yule kuwa ndugu yao, na ndugu hachangiwi kwa kutazamwa jeraha. Mwenye kutaka picha na aipige ya mgonjwa aliyekubali, akiwa amevaa, akitazama mbele. Na aandike chini yake siku ambayo mchango utafungwa, na siku hiyo ikifika aiondoe picha, aweke mahali pake stakabadhi ya hospitali, jina likiwa limefunikwa. Hakuna gharama katika hayo. Makatibu wa makundi ya Thika na Ruiru, ambao hutukumbusha mara tatu kwa siku kwamba fulani bado hajachanga, wanaweza kuyafanya leo.

Nawe msomaji, ikikufikia picha ya mama aliyelala kitandani, kitambaa cha buluu kichwani, na maneno ya kwamba saa ishirini na nne tu zimesalia, jua kwamba saa hizo zilikwisha miaka miwili iliyopita, deni limelipwa, na mwenyewe yuko mezani kwake. Usiitume kwa mtu. Ifute.