Rock haijafa, ni sisi tumelala

Jameni, nimechoka kusikia eti Nairobi haina rock mpya. Nani kakwambia? Crystal Axis wana wimbo unaoitwa Nyayo House, jina la jumba ambalo chini yake watu waliteswa enzi za Moi. Duma, vijana wa hapa hapa, walitoa albamu mwaka 2020, na lebo iliyowatolea ni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes! Sisi waandishi tunangoja wasifiwe ng'ambo ndipo tuwaandike. Nawe shabiki, bia tatu unalipia bila kunung'unika, lakini ukiombwa kiingilio mlangoni unaanza kutaja majina ya marafiki zako kwenye bendi. Bendi haili makofi. Wikendi hii lipa, ingia, sikiliza. Kisha uje tubishane.