Kisiwa Kina Majibu Mawili

Imekuwa desturi ya siku nyingi kufungua somo la dunia kwa kuwakaririsha watoto majina ya mabara saba. Watoto huitikia kwa sauti moja, mwalimu huridhika, na mtihani ukija huuliza yale yale. Simlaumu mwalimu aanzaye hivyo, kwani majina hayana budi kujulikana. Ninalolipinga ni kukomea hapo.

Majuzi nilikaa nyuma ya darasa nikimtazama mwalimu mwanafunzi katika mazoezi ya kufundisha. Aliitaja Mayotte miongoni mwa visiwa vya Afrika. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama Mayotte ni ya Afrika, mbona watu wake hutumia fedha za Ulaya?" Akajibiwa kwamba swali hilo halimo katika muhtasari. Mkono ule haukuinuka tena hadi kengele ilipolia.

Mtoto yule alikuwa na haki ya kuuliza. Mayotte ni kimojawapo cha visiwa vya Komoro, kati ya Msumbiji na Bukini. Komoro ilipojitangazia uhuru mwaka 1975, Mayotte ilibaki chini ya Ufaransa, na mwaka 2011 ikafanywa mkoa wa nchi hiyo, ingawa Komoro yaendelea kuidai. Kwa mahali ni Afrika. Kwa utawala ni Ufaransa. Greenland nayo huhesabiwa katika Amerika ya Kaskazini, ilhali ni sehemu ya Ufalme wa Denmark. Tena Greenland ilijitoa katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1985, hali Mayotte, iliyo mbali zaidi, imo katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2014.

Kwa hiyo napendekeza kila kisiwa kiulizwe maswali matatu: Kiko wapi? Kinatawaliwa na nani? Ilikuwaje kikatawaliwa hivyo? La kwanza hujibiwa na ramani, la pili na sheria, la tatu na historia. Mwalimu apige safu tatu ubaoni, na watoto wazijaze wenyewe.

Ramani nayo ihojiwe. Katika ramani iliyochorwa kwa kanuni ya Mercator, Greenland huonekana karibu sawa na Afrika. Kumbe Afrika, yenye kilometa za mraba zipatazo milioni 30, huizidi karibu mara 14. Shule isiyo na tufe yaweza kutumia chungwa. Mtoto achore mabara juu ya ganda, alimenye, kisha ajaribu kulilaza mezani. Litapasuka. Hapo ataona kwamba hakuna awezaye kuitandaza dunia juu ya karatasi bila kuipotoa mahali fulani.

Hata ile hesabu ya mabara saba ni mapatano ya watu, kwani ziko nchi zinazofundisha kwamba Amerika zote mbili ni bara moja.

Wako watakaosema kuwa vipindi ni vichache. Ni kweli, lakini safu tatu na chungwa moja havizidi kipindi kimoja. Wakufunzi wenzangu, tuwazoeze walimu tunaowaandaa kulipokea swali la mtoto, hata kama jibu litangoja kipindi kijacho.