Kingo Tisa

Nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi niliulizwa katika mtihani mchemraba una nyuso ngapi, kingo ngapi na vipeo vingapi. Mchoro ulikuwa palepale juu ya swali. Nikahesabu kwa ncha ya penseli, nikarudia, nikaandika: nyuso 3, kingo 9, vipeo 7. Nikapigwa mkasi mara tatu. Majibu yaliyotakiwa yalikuwa 6, 12 na 8, na hakuna aliyenieleza zile nyuso nyingine zilikuwa zimejificha wapi. Hebu nawe chora boksi la kawaida, kona moja ikikuelekea, kisha uhesabu kinachoonekana. Utapata 3, 9 na 7. Mtoto yule aliisoma karatasi kwa uaminifu. Aliulizwa habari za kitu akaonyeshwa picha.

Toleo hili linahusu michezo ya karata ya kuwafundishia maumbo watoto wa chekechea na madarasa ya mwanzo, katika Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na Tororo. Naomba nianze kwa ukaidi kidogo. Karata ni bapa. Kumfundisha mtoto tufe kwa kipande cha kadibodi ni sawa na kumsomea mtu lebo ya chupa ya asali ukitaraji aonje utamu. Basi karata inatafuta nini hapa? Jibu langu ni fupi: inatuma. Karata nzuri humtuma mtoto akashike kitu. Isiyomtuma popote ni chati iliyokatwa vipande.

Na chati sisi wa hapa tunazijua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya za Busia na Teso upande wa Kenya zilikuwa uwanja wa majaribio ya elimu, yale yaliyochangia kumfikisha Michael Kremer kwenye Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Wengi hukumbuka dawa za minyoo. Mimi hukumbuka chati. Shule 178 ziligawanywa kwa bahati nasibu: nusu zikapewa chati kubwa za kugeuza, za sayansi, afya, hesabu na jiografia, nusu zikaendelea bila chati. Ripoti ya Paul Glewwe, Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz, iliyochapishwa mwaka 2004, haikuona dalili yoyote kwamba alama za mitihani zilipanda. Chati zile zilikuwa za madarasa ya juu, kwa hiyo sitazibebesha hoja ya watoto wa miaka mitano. Kilichonikaa kichwani ni kingine. Walipolinganisha tu shule zilizokuwa tayari na chati zao na zile zisizokuwa nazo, chati zilionekana kusaidia sana. Lakini shule yenye chati mara nyingi ina mengine pia: mkuu asiyelala, wazazi wenye uwezo. Miaka yote tuliyosifu kuta zetu zilizopambwa, huenda tulikuwa tukimsifu mkuu wa shule bila kujua.

Kuna utafiti mwingine, wa zamani zaidi, ambao ningependa kila mwalimu wa madarasa ya chini aukumbuke. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha kazi kuhusu watu wa Afrika Kusini waliopewa picha za mwindaji na wanyama, akasema wengi hawaoni kina katika mchoro. Baadaye Jan Deregowski, akiwa Zambia, aliwapa watu vijiti na udongo wa kufinyanga, akawaonyesha michoro na kuwaomba wajenge walichokiona. Wengi ambao kipimo cha picha kiliwahesabu kuwa hawaoni kina walijenga vitu vilivyosimama. Waliulizwa kwa mkono, wakajibu kwa mkono. Nikiusoma utafiti huo huwa naikumbuka ile mikasi mitatu.

Sasa mchezo wenyewe. Niliuona mtaani Sofia, Busia, hatua chache kutoka mpakani, kwa watoto kumi waliokaa kwenye mkeka. Katikati palikuwa na gunia dogo la sukari, na ndani yake boksi la majani ya chai, kipande cha sabuni, mkebe wa maziwa ya unga, chungwa, kofia ya karatasi iliyochongoka na pia ya mti. Karata zilikatwa kutoka makasha ya biskuti. Hazikuwa na picha ya mkebe wala ya chungwa. Zilikuwa na nyayo: mwalimu alikuwa amesimamisha kila kitu juu ya kadibodi na kuzungusha penseli kandokando ya kitako chake. Mtoto anavuta karata, anaona duara, anatia mkono guniani bila kuchungulia, anapapasa, anatoa kitu chenye unyayo ule.

Msichana mmoja alitoa mkebe. Wakapiga makofi. Mvulana aliyefuata akavuta duara vilevile, akatoa kofia ya karatasi, na hapo mkeka ukawaka moto. Duara ni la mkebe! Hapana, hata kofia ikikaa inaacha duara! Mmoja akataka chungwa nalo lihesabiwe, akalikandamiza kwenye vumbi ili athibitishe, akapata alama ndogo kama ya kidole. Mwalimu alikaa kimya muda wote huo, na ukimya wake ulinifunza zaidi ya semina kadhaa nilizolipiwa nauli. Hakuna aliyetaja neno jiometria. Lakini watoto wa miaka mitano walikuwa wamegundua kwamba unyayo mmoja unaweza kuwa wa vitu viwili, na kwamba lipo umbo lisilo na uso wowote wa kukalia.

Mwenye sikio atatambua kwamba hiki ni kitendawili. Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mtoto anayejibu yai ameshapapasa umbo lisilo na ukingo wala kipeo, kabla ya shule kumwambia kitu hicho kina jina. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, aliwapa watoto tufe, mcheduara na mchemraba vya mti wavishike. Namheshimu. Ila vifaa vya mti vya kuagiza ng'ambo vina bei, na shule nyingi za awali upande wa Uganda ni za watu binafsi wanaoishi kwa karo ya wazazi wachuuzi. Gunia la sukari tunalo.

Maneno pia tunayo, na ni mazuri. Mche, kwa mwenye duka, ni mche wa sabuni: kitu kirefu unachokikata popote ukapata uso uleule. Hiyo ndiyo maana yake katika hesabu, bila kupunguza kitu. Mchemraba ni mche wenye kitako cha mraba na kimo sawa na ubavu wa mraba huo, mcheduara ni wenye kitako cha duara. Pia, umbo la kofia iliyochongoka, ni ile ile inayozungushwa kwa kamba uwanjani. Linaloniudhi ni kusema "maumbo ya pande tatu". Pembetatu nayo ina pande tatu! Mtoto aliyefundishwa pembetatu Jumatatu akaambiwa Jumanne kwamba mkebe una pande tatu ana haki ya kutuona waongo.

Wazazi wa upande wa Kenya walio na umri wangu wana umbo moja mikononi ambalo vitabu huchelewa kulifikia. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, yalikuja katika pakiti zenye nyuso nne, zote pembetatu. Kuitengeneza pakiti hiyo ni rahisi na darasa lolote linaweza: viringisha karatasi iwe bomba, bana mdomo mmoja kwa kulala, kisha bana wa pili kwa kusimama. Umbo linajitokeza lenyewe, nyuso 4, kingo 6, vipeo 4. Mwambie mtoto atie chaki kwenye kila kipeo akihesabu, asirudie.

Kwa madarasa ya juu kidogo kuna seti ninayoipenda kupita zote. Miraba 6 iliyo sawa inaweza kuunganishwa ubavu kwa ubavu kwa njia 35, ukiacha kurudia kwa kugeuza au kupindua. Kata hizo 35 ziwe karata. Kumi na moja kati yake hukunjika zikafunga mchemraba. 24 hugoma, uso ukipanda juu ya mwingine na upande ukibaki wazi. Mchezaji anavuta, anatabiri itafunga au haitafunga, kisha anakunja mbele ya wote. Msalaba hufunga. Miraba 6 iliyopangwa mstari mmoja haifungi, na mtoto huuona mkosi huo kwa vidole vyake. Hapa ukaidi wangu wa mwanzoni unaishiwa nguvu, maana karata bapa inasimama mezani ikawa boksi.

Lipo lalamiko ambalo sitalikwepa. Wazazi wengi wakisikia karata husikia kamari. Wamewaona wanaume chini ya mwembe wakipoteza pesa ya unga, kopa na shupaza mkononi. Lugha yenyewe inachezea akili: upande wa Kenya matatu ni gari, na ukivuka Uganda matatu ni mchezo wa karata. Mama mmoja aliniambia hataki mwanawe ajifunze kuficha karata kwenye mkono wa shati. Sikumcheka. Nilimwomba akae kwenye mkeka raundi mbili, akatie mkono guniani. Katika mchezo huu hakuna cha kuwekwa rehani, na karata zote huchezwa wazi. Kinachofichwa ni vitu, na vimefichwa ili vitafutwe.

Faida nyingine ni ya huku kwetu hasa. Tangu 2007 Uganda inafundisha madarasa matatu ya kwanza kwa lugha ya eneo. Kenya nayo inataka watoto wadogo waanze kwa lugha yao. Lakini darasa la mpakani lina Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola na Kiluo kwenye benchi moja. Karata ya unyayo haina neno hata moja. Kila mtoto anabishana kwa lugha anayoiweza, na mkebe unawasuluhisha.

Ukielekea Tororo, mwamba unauona kabla ya mji. Ni koo la volkano ya kale, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Darasa moja huko liliulizwa mwamba ule uingie kwenye karata ipi. Mmoja akasema pia iliyokatwa kichwa. Mwingine akasema mche, sababu ubavu anaouona akiwa kwao umesimama wima. Wa tatu akauliza nani amewahi kuuona unyayo wake. Mwalimu alikata kadibodi nyingine, akaiacha tupu, akaichanganya na zilizobaki.