Baraza Halikuwa Shule

Wako waandishi, na baadhi yao ni walimu wenzetu, wasemao kwamba Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikuwa shule ambamo Mwafrika alifunzwa demokrasia. Kauli hiyo yakaririwa madarasani hata leo. Haifai kuachwa ipite.

Baraza lilifunguliwa mwaka 1926, Gavana akiwa Donald Cameron. Wajumbe wote waliteuliwa, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945. Ni shule gani hii ambayo mwenyeji alikaa miaka 19 asivuke kizingiti chake?

Uchaguzi ulipokuja, mwaka 1958 na 1959, ulikuja na masharti ya kipato, elimu na cheo. Na kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waafrika walizidi milioni 8. Walioandikishwa, wa rangi zote, hawakufika 100,000. Somo lililofundishwa hapo halikuwa demokrasia, bali kumtazama mtu rangi yake kabla ya kumsikiliza.

Demokrasia ilifunzwa nje. Mkutano wa TANU uliokaa Tabora, Januari 1958, ulibishana vikali kama kura tatu zisusiwe au zipigwe, ukaamua zipigwe. Ilipofika Agosti 1960, kujua kusoma na kuandika Kiswahili kulitosha kumpa mtu kura. TANU ikapata viti 70 kati ya 71, na Septemba Julius Nyerere akaongoza serikali ya madaraka.

Mpinzani atauliza: je, kanuni za mjadala na kiti cha Spika havikutoka kwa Mwingereza? Vilitoka. Lakini jembe halilimi lenyewe. Oktoba 1961, Baraza lilipokwisha kuwa Bunge, ulijadiliwa muswada wa uraia. Baadhi ya wajumbe wa TANU yenyewe walitaka uraia ufuate rangi; Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali. Wajumbe wale walikuwa wamelihifadhi barabara somo la kura tatu. Aliyewapinga hakulipata jibu lake katika Baraza la wakoloni.

Basi, mwanafunzi akiulizwa Baraza lilifundisha nini, na ajibu bila ya haya: lilifundisha ubaguzi, na ilitupasa tuusahau ndipo tujitawale.