Mbao Nzuri, Ulinganisho Mbovu

Haya wasomaji wangu, leo tuyaweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuongee kuhusu magita ya besi ya umeme, hasa yale ya kuagiza kwa fundi. Unamwandikia, unamweleza unataka nyuzi ngapi, shingo nene au nyembamba, mbao gani, unalipa arubuni, kisha unangoja miezi mingi. Magita mengi ya namna hii kutoka karakana zenye jina kubwa, kama Fodera ya Brooklyn, New York, yanapita dola 10,000. Naam, bei ya gari! Na kuna watu wanaoyakusanya, kumi, ishirini, hamsini, halafu wanayalinganisha. Kukusanya sina neno nako, hela ni zao. Ugomvi wangu uko kwenye huko kulinganisha.

Wanafanya hivi. Gita la kwanza lina mwili wa bubinga, nyuzi mpya na pikapu mbili (siyo zile za kubebea mahindi, hizi ni sumaku zilizozungushiwa waya, zinakaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko kuwa umeme). Gita la pili lina mwili wa mbao nyepesi, nyuzi za miaka mitatu, pikapu moja na saketi tofauti kabisa. Wanapiga hili, wanapiga lile, kisha wanatangaza: ati bubinga ina sauti nzito! Jamani, ukibadilisha mistari arobaini ya msimbo kwa mpigo mmoja na programu ikaanza kwenda vizuri, utajuaje ni mstari upi ulioiponya? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akileta ripoti kama hiyo anarudishwa akaanze upya. Mkusanyaji wa magita anapigiwa makofi.

Tukumbuke haya magita ya kuagiza yalitoka wapi. Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951 huko California, alikuwa anatengeneza chombo cha kiwandani: shingo ya kufungwa kwa skrubu, vipuri vya kubadilishana, urefu wa uzi inchi 34, yaani milimita 864. Fundi wa kuagiza aliingia pale mpigaji alipokuwa na haja ambayo kiwanda hakikuijibu. Mwaka 1975 Anthony Jackson alimfanya fundi Carl Thompson amjengee besi ya nyuzi sita, iliyoshuka mpaka B ya chini kabisa, karibu 31 Hz. Uzi mzito kama huo kwenye urefu wa kawaida hulegea. Magita ambayo Fodera walimjengea baadaye yakawa na urefu wa inchi 36.

Hapa kuna hesabu tamu. Kwa uzi uleule na noti ileile, mvuto hupanda kwa mraba wa urefu. Kutoka inchi 34 hadi 36 unapata nyongeza ya asilimia 12. Dingwall wa Kanada, ambao freti zao zimetanda kama upepo wa kupepea, huupa uzi mzito inchi 37 kwenye baadhi ya magita yao: asilimia 18. Hilo ndilo agizo linaloeleweka kwa mtu wa programu. Kuna tatizo, kuna uamuzi, kuna namba. Jackson hata vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti hakuvitaka kwenye gita lake. Alijua anachotafuta.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho wakusanyaji hukitaja kwa pumzi moja tu: mahali pikapu ilipokaa. Ukiweka pikapu robo ya urefu wa uzi kutoka kwenye daraja, pale uzi wa wazi unapotikisika kwa vipande vinne kuna nukta isiyosogea, na mlio huo mdogo wa nne hausikiki kabisa. Sogeza pikapu kidogo, unarudi. Fender wenyewe katika miaka ya 1970 waliisogeza pikapu ya nyuma ya Jazz Bass karibu na daraja kwa takriban milimita 10, na mpaka leo wapigaji wanazungumza juu ya "sauti ya miaka ya 70" kama kabila. Gita la Marcus Miller, ambalo mafundi wengi wamejaribu kuliiga, ni Jazz Bass ya kiwandani ya mwaka 1977 iliyofanyiwa kazi na Roger Sadowsky wa New York, ambaye aliiwekea saketi ya betri ya kukuza mawimbi. Mwili haukutoka kwenye msitu wa siri.

(Tukiwa kwenye umeme: pikapu ya koili moja huvuma kwa mdundo wa stima ya ukutani. Marekani ni 60 Hz, huku kwetu ni 50 Hz. Noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ni 49 Hz! Kwa hiyo gita hilohilo likivuma Nairobi linavuma karibu kabisa na noti ambayo unaipiga kila wimbo.)

Halafu kuna Ned Steinberger. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitengeneza besi isiyo na kichwa, na isiyo na mbao: kaboni na epoksi, imekaa kama kasia. Kama mbao ndiyo roho ya mlio, chombo hicho kingepaswa kulia kama ndoo. Geddy Lee wa kundi la Rush alikipiga miaka ya 1980 na watu wakanunua tikiti kama kawaida. Huyu Lee ni mkusanyaji kwelikweli. Kitabu chake cha 2018 kinaonyesha zaidi ya magita 250 ya besi.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu imani ya mbao ina bei, na si mkusanyaji anayeilipa yote. Wenge na bubinga, ambazo Warwick wa Ujerumani walizifanya karibu kuwa nembo yao, zinatoka Kamerun, Kongo na majirani zao. Wenge umo kwenye orodha ya IUCN ya miti iliyo hatarini. Januari 2017 biashara ya bubinga iliwekwa chini ya vibali vya CITES, pamoja na jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo wetu umo. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vilisamehewa vibali hivyo. Sawa, msamaha huo ulimwondolea mwanamuziki usumbufu wa kweli wa mipakani. Lakini mti wa miaka mingi ukikatwa kwa sababu ya "mlio", nadhani tuna haki ya kuuliza mlio huo ulipimwa vipi.

Sisemi mbao haina kazi. Ina kazi kubwa, ila kwenye shingo, na ni kazi ya ugumu na uzito tu. Besi nyingi zenye shingo ya mbao zina noti inayokufa haraka, mara nyingi freti ya tano hadi ya saba kwenye uzi wa G, kwa sababu shingo inatikisika kwa mdundo uleule na kuunyonya uzi nguvu. Bana kitu kizito kwenye kichwa cha gita na noti iliyokufa inahama. Hilo linapimika! Mwenye magita ishirini ana maabara ambayo vyuo vingi havina, lakini anaitumia kupigia picha.

Angefanya nini? Nyuzi za aina moja, zote mpya siku moja. Kimo kimoja juu ya freti ya kumi na mbili. Mpigaji mmoja, waya moja kwa moja hadi kwenye kipakatalishi, bila spika wala vikorombwezo. Sauti zisawazishwe, maana iliyo juu kidogo husikika kuwa nzuri zaidi. Apige kila freti ya kila uzi, kisha programu fupi ihesabu kila noti inachukua sekunde ngapi kushuka desibeli 30. Gita la nyuzi nne na freti 20 ni noti 80, ukiongeza nne za wazi ni 84. Ni kazi ya jioni moja. Mwisho mtu mwingine ayape mafaili namba, mwenye gita asikilize bila kujua ni lipi. Atakayetambua bubinga yake mara kumi kati ya kumi, nitamnunulia chai mwenyewe.

Na afanye mapema. Rick Turner, mmoja wa waanzilishi wa Alembic, karakana ya California iliyoanza 1969 na kuingiza saketi za betri kwenye besi, alifariki Aprili 2022. Magita aliyoyajenga kwa mikono yake yako kwenye masanduku ya watu. Unene wa kila shingo, mizunguko ya waya kwenye kila koili, nafasi ya kila pikapu: mwenye sanduku akichukua rula na kipima ukinzani wa umeme, mengi ya hayo anaweza kuyapata.